Anwani Iliyoshonwa Kwenye Kola

Shangazi yangu ni fundi wa sare za shule. Miaka kumi na mmoja sasa, ndani ya kila kola anashona anwani ya tovuti yake. Juzi tovuti ikazimika: wakala anayemlipia jina la tovuti alipokea ada ya mwaka, akasahau kuifikisha kwa msajili wa majina ya tovuti.

"Mama, chagua tu jina jingine," wakala akamwambia shangazi alipomfuata ofisini. "Yapo tele."

Shangazi akamwekea mkasi mezani. "Haya, mwanangu, kafumue kola. Watoto wamezivaa, wako darasani."

Wakala akacheka peke yake.

"Msajili nimeshampigia. Siku za kulikomboa jina zimebaki mbili, na anakungoja wewe ulipe." Shangazi akavuta kiti. "Mimi siondoki."

Wakala akainua simu.