Mkebe wa Tano

Shimba alikuwa fundi mitambo wa sinema ya mzee Hasham, katikati ya mji wa Mwanza, kwa miaka ishirini na mbili, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemsikia akisifia filamu nzuri. Filamu nzuri, zenye rangi na farasi elfu na majumba ya kweli, alizionyesha kwa uaminifu huku akipiga miayo. Mapenzi yake yalikuwa kwenye sinema za roketi, zile za zamani, nyeusi na nyeupe, zilizotengenezwa na watu wenye hamu kubwa na mfuko mtupu. Ukikosea ukamuuliza anaona nini humo, umekwisha, utakosa hata chakula cha mchana.

"Litazame lile dude kwa nyuma," atakwambia. "Umeiona zipu? Ndani mna mtu anavuja jasho. Asubuhi mkewe kamuuliza unakwenda wapi, kasema nakwenda kazini, kumbe anakwenda kuwa jinamizi la sayari nyingine. Unaona anavyojitahidi? Yule hakudanganyi. Anakuomba umsaidie."

Usidhani alikuwa peke yake. Kulikuwa na filamu moja ambayo mji mzima uliijua kwa moyo. Jina lake la Kizungu liliwashinda watu, wakaiita Bwana Roketi. Habari yake ni fupi: rubani anatumwa angani peke yake, chombo kinavunjika mguu kwenye sayari ya mawe, na mkewe huku duniani anakaa mbele ya redio akimsubiri. Roketi yenyewe ilikuwa pipa la mafuta lililochongwa pua. Kofia ya rubani ilikuwa bakuli la kioo la kufugia samaki, jambo lililowavunja mbavu watu wa ziwani, maana samaki wa kufugwa kwenye bakuli walikuwa hawajapata kumsikia. Na ile sayari ilikuwa mawe makubwa yaliyobebana kama ya vilima vya Mwanza, basi yakitokea tu ukumbi mzima unapaza sauti: "Capri Point!" Wengine wanabisha: "Wapi! Hapo ni Ilemela, nyuma ya nyumba ya shangazi!"

Ilikuwa miaka ya foleni na sukari ya kugawiwa. Mtu aliyeacha nyumbani koroboi ya kopo la maziwa, na miguuni amevaa viatu vya tairi, hawezi kulidharau pipa lililoambiwa liwe roketi. Analielewa. Alicheka, ndiyo, tena mpaka machozi, lakini kilikuwa kicheko cha ndugu. Shimba alikisikia kutoka kwenye chumba chake cha mitambo, na alijua kwamba pale chini hakuna aliyekuwa akimcheka rubani.

Sasa, kasoro. Filamu ile iliwasili kwa treni mwishoni mwa mwaka 1979, katika mikebe mitano ya bati, kila mkebe na mkanda wake. Jumamosi saa nane mchana ukumbi ulifurika. Mkanda wa nne ulipokwisha dude la sayari ile lilikuwa linamsogelea rubani, hewa inamwishia, na mkono wake umenyooka kuelekea redio. Shimba akafungua mkebe wa tano, akaweka mkanda. Wakatokea mabibi harusi wa Kihindi wakicheza bustanini. Mahali fulani njiani mikanda ilikuwa imebadilishana mikebe. Watu wakapiga miguu sakafuni, wakarusha maganda ya karanga kwenye pazia, na mzee Hasham akapanda ngazi akitweta.

"Shimba, fanya kitu! Wataning'olea viti!"

Shimba akazima mashine, akashuka, akasimama mbele ya pazia. "Tulieni," akasema. "Mwisho nitawasimulia mimi. Niliuona Tabora, nilipokuwa kazini kule."

Huo ulikuwa uongo. Tabora alifanya kazi kweli, ila filamu hiyo hakuwahi kuiona huko wala kwingine. Akaanza kusimulia bila kujua anaelekea wapi, na hapo macho yake yakatua mlangoni, kwa mama Wilhelmina.

Mama Wilhelmina, hilo likiwa jina lake mwenyewe la ubatizo, aliuza karanga nje ya sinema. Mwanawe wa pekee, Mihayo, alikwenda vita ya Kagera na mgambo wa Misungwi, na vijana wenzake walikuwa wameanza kurudi. Yeye alikuwa hajarudi, barua haikuja, na hapakuwa na mtu aliyeweza kusema kwa hakika kwamba amekufa. Mama alikuwa amesimama na ungo wake mkononi, akimtazama Shimba bila kupepesa. Basi mdomo wa Shimba ukaenda wenyewe. Dude, kumbe, lilikuwa na kiu tu. Rubani akaligawia maji yake ya mwisho, nalo likamtengenezea mguu wa roketi. Roketi ikaruka, ikaja kuanguka ziwani, huku kwetu, jirani na Ukerewe. Wavuvi wakamwopoa rubani, akatembea mpaka nyumbani, na aliyemkuta hakuwa mkewe bali mama yake, amemfunikia chakula. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Mama Wilhelmina alitua ungo wake chini, akalia.

Mzee Hasham aliandika Dar es Salaam kuuliza mkanda wa kweli, jibu halikuja. Fedha za kigeni za kuagizia filamu mpya hazikuwapo, na hakuna mji mwingine uliotaka filamu isiyo na mwisho, kwa hiyo Bwana Roketi akabaki Mwanza. Pasaka alionyeshwa, Idi alionyeshwa, Krismasi pia, na kila mara Shimba alishuka kusimulia. Watu walikuja kwa ajili ya mwisho huo. Mama Wilhelmina hakukosa hata mara moja.

Na hapa nisikilize vizuri, maana Shimba mwenyewe ilimchukua miaka kuliona. Kwa sababu ya mwisho ule, mama Wilhelmina alikataa katakata kumwekea mwanawe matanga. Wazee wa ukoo walipokuja kumshauri, aliwaambia kwamba mtu aliye safarini hawekewi matanga. Nyumbani kwake aliishi Selina, mke wa Mihayo, aliyeolewa miezi minne tu kabla mumewe hajaondoka. Bila matanga Selina hakuwa mjane, na bila mume hakuwa mke. Maige, mfanyabiashara wa mchele wa Magu, mtu mpole, alituma wazee mara mbili kuja kumposa. Mara zote mbili mama Wilhelmina aliwakaribisha vizuri, akawachinjia kuku, kisha akawaambia mume wa binti yuko njiani.

Siku moja Selina alikutana na Shimba sokoni, akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Baba, ule mwisho wako ni mzuri. Hata mimi naupenda. Ila mimi umenifunga."

Hakusema kwa hasira. Alichukua kapu lake, akaendelea na safari. Shimba alibaki amesimama mpaka muuza dagaa akamuuliza kama anaumwa. Tangu siku hiyo aliusimulia mwisho ule bila raha, lakini kuubadili hakuthubutu. Aubadili vipi? Amuue rubani mbele ya mama yule? Aliona aibu, na alijiona mwoga, na yote mawili yalikuwa kweli.

Kisha nchi ikafungua milango. Maduka yaliyokuwa na vumbi yakajaa vitu, mitaani zikaingia deki za video, halafu televisheni, na vijana wakahamia kwenye vibanda vya kanda za karate. Ukumbi wa mzee Hasham ulifungwa mwaka 1993, ukabaki na popo. Binti yake, Nisha, mtu wa kuchangamka, akageuza sehemu ya mbele kuwa duka la kukodisha kaseti. Mwaka uliofuata, mchana mmoja, alimwita Shimba huku anacheka.

"Shikamoo, mzee Shimba. Kaa hapo. Shangazi yangu ameitafuta London mpaka ameipata. Bwana Roketi! Yote, mpaka mwisho!"

Shimba akaketi. Miaka kumi na tano alikuwa akisimulia kitu asichokijua. Nisha akasukuma kaseti ndani ya deki, akaipeleka mbele hadi pale mkono unapoelekea redio. Kiingereza cha Shimba kilikuwa cha kubahatisha, basi binti akawa anamfasiria.

Dude halikufanya lolote. Lilifika, likamwangalia rubani, likaenda zake. Nadhani hela ya kumlipa yule wa ndani ilikuwa imekwisha. Rubani akakaa juu ya jiwe, na jiwe likabonyea, kwa kuwa lilikuwa la karatasi. Akashika redio.

"Anasema amebakiwa na hewa ya nusu saa," alisema Nisha. "Anamwambia mkewe azime redio. Anasema, usikae hapo kunisikiliza. Zima, toka nje, kuna jua."

Mke akakataa. Akakataa tena. Halafu akazima, akafungua mlango akatoka, na mlango ulipojifunga ukuta mzima wa nyumba ulitikisika, maana nao ulikuwa turubai. Basi, ikaishia hapo.

Shimba alilia. Aliliona jiwe likibonyea na aliuona ukuta ukitikisika, na akalia hivyohivyo, waziwazi, mbele ya mtoto wa mwajiri wake. Sinema zile zilikuwa hivyo, hazikukuficha kitu na bado zilikupata.

"Nitaiweka Jumamosi, saa nane kama zamani," alisema Nisha, naye akijifuta macho. "Nimeshatangaza. Maneno nimeshakupa, wewe utafasiri."

"Mama Wilhelmina amesikia?"

"Alikuwa wa kwanza kuja. Ameomba kiti cha mbele."

Siku tatu Shimba alitafuta njia ya kukwepa. Angeweza kusema anaumwa. Angeweza hata zaidi ya hapo: sauti ya kaseti ilikuwa mbovu, wanaojua Kiingereza wangekuwa wawili watatu, na Nisha angenyamaza kama angeombwa. Rubani aliyeketi na redio mkononi unaweza kumsemea lolote. "Nisubiri, nakuja." Maneno mawili tu. Aliyajaribu akiwa peke yake, yakatoka matamu mno, na utamu huo ndio uliomtisha.

Jumamosi watu walibanana mbele ya televisheni ya Nisha, kwenye viti vilevile vya sinema, wazee kwa watoto wao waliolelewa na hadithi hiyo. Pipa lilipopaa walishangilia. Mawe yalipotokea walipiga kelele za Capri Point kama kawaida. Mama Wilhelmina alikaa mbele, Selina alisimama ukutani. Mkono wa rubani ulipoelekea redio, mama aligeuza kiti chake, akaipa televisheni mgongo na kumtazama Shimba, kwa kuwa mwisho alikuwa amezoea kuupata usoni kwake.

"Anasema..." Shimba alianza. "Anasema amebakiwa na hewa kidogo. Anamwambia mkewe azime redio, atoke nje."

Minong'ono ikaanza. "Siyo huo!" mtu akasema kwa nyuma. "Tupe ule wetu!"

"Ule wetu niliutunga mimi," alisema Shimba. "Huu ndio wenyewe."

Mama Wilhelmina aliinua mkono, watu wakanyamaza.

"Shimba. Si ulisema uliuona Tabora?"

"Sikuuona, mama. Sikuwahi kuuona popote. Nilikuona wewe pale mlangoni, nikasema nilichosema."

Nyuma ya mama, ndani ya televisheni, yule mke alizima redio, ukuta ukatikisika, na hakuna aliyecheka. Mama Wilhelmina akainuka, akajifunga kanga yake upya, akatoka bila kuaga. Selina akamfuata.

Siku zilizofuata Shimba alikiona cha moto. Jirani yake alimwambia wazi kwamba ana roho mbaya, kumvunja moyo bibi wa watu kwa ajili ya kaseti. Hakujitetea, kwa sababu usiku na mchana alikuwa akijiambia hayohayo. Wiki ya pili, asubuhi, alitoka nje kunawa uso, akamkuta mama Wilhelmina amesimama uani.

"Shikamoo, mama."

Mama hakuitikia.

"Miaka kumi na tano umenikalisha, Shimba."

"Ndiyo, mama."

"Wazee wa ukoo wangu sikuwasikiliza, nikakusikiliza wewe. Mtoto wa watu ananizeekea ndani."

"Nisamehe, mama."

"Sikuja kwa hilo, hilo nitaliangalia baadaye. Jumamosi tunaweka matanga ya Mihayo, na tunayaanua siku hiyohiyo, maana yamechelewa. Nimewapa habari watu wa Misungwi. Na yule Maige wa Magu nimemwambia aje. Kaburi hatuna, lakini wasifu wa marehemu utasomwa, na wewe ndiye utakayeusoma, kwa sababu watu wamezoea kukusikiliza." Akamsogelea. "Ila safari hii usiongeze kitu."

Jumamosi ua ulijaa, wanawake kwenye mikeka, wanaume kwenye mabenchi ya kuazima kanisani. Shimba alisimama. Alisema Mihayo alizaliwa Misungwi, akasoma mpaka darasa la saba, akawa fundi baiskeli. Alisema alikuwa na kicheko cha kusikika nyumba ya tatu, na hapo watu wa rika lake wakatabasamu. Alisema alimwoa Selina mwezi wa nane mwaka 1978, na mwezi wa kumi na mbili akapanda lori pamoja na wenzake kwenda vitani.

Kwa mazoea, maneno mengine yalikuwa tayari yamejipanga mdomoni, na ua mzima ulikuwa umeinua nyuso kuyangoja. Akamtazama mama Wilhelmina. Mama akatikisa kichwa, polepole.

"Hakurudi," alisema Shimba, akaketi.

Aliyeanza kulia alikuwa mama, kwa sauti yote aliyokuwa nayo, na Selina akamshika.