Udongo Alioutengeneza Shangazi Zuhura

Enzi zetu udongo haukuuzwa madukani. Siku hizi binti wa jirani yangu hapa Tudor huagiza udongo kwa simu, akaletewa na bodaboda ndani ya mfuko wenye picha ya waridi, na kabla hajaufungua huupiga picha kwanza, kisha hujipiga picha yeye na udongo wake. Baada ya muda ua limekauka, na yeye ameshaagiza mwengine. Simcheki sana, maana amezaliwa juu ya vigae, atajuaje? Lakini nyinyi wenzangu mliokulia Mji wa Kale wa Mombasa, mliocheza kibe katika vichochoro vya Kibokoni mpaka adhana ya magharibi ikawatawanya, mtanielewa nikisema kwamba mimi niliuona udongo ukizaliwa. Niliuona kwa macho yangu, uani kwetu, na aliyeuzaa ni shangazi yangu Zuhura.

Nyumba yetu ilikuwa ya mawe, baraza mbele na ua nyuma. Hapo uani palikuwa na jiko la zamani ambalo liliporomoka kwa mvua za masika kabla sijaanza skuli, na kifusi chake kikasawazishwa papo hapo. Basi ua wote ulikuwa vipande vya matumbawe, chokaa na vigae vya vyungu. Hapakuota hata unyasi. Bibi alipatumia kuanikia maembe ya achari, na sisi watoto tulipachezea nage, tukianguka magoti yanachunika mpaka kwenye nyama nyeupe. Tukilia, Mama hutwambia, “Nani aliwatuma mkimbie juu ya mawe?” Kisha hutupaka mafuta ya nazi, tukarudi kukimbia juu ya mawe yale yale.

Shangazi Zuhura alikuwa dadake Baba, mdogo wake wa mwisho. Aliolewa Malindi tungali wadogo, na tukimwona sikukuu tu, amejaa udi na kicheko. Halafu Ijumaa moja, wanaume wakiwa bado msikitini, akaingia mlangoni na sanduku la bati, na mkononi kopo la maziwa lililopandwa kijiti cha asumini. Mumewe alikuwa amempa talaka kwa sababu hakujaaliwa kuzaa. Sisi hatukuambiwa hivyo, lakini katika nyumba za Kibokoni dirisha la huyu liko usoni mwa yule, na watoto husikia yote. Mama alituita jikoni akatuonya, “Msimuulize shangazi yenu kitu. Mwamkieni, basi.” Nasi tukawa tukimwamkia mbio mbio, “Shikamoo shangazi,” na kabla hajaitikia tumeshatoroka.

Aliupanda ule mwasumini uani, pembeni mwa ukuta, na akautilia maji kama amtiliaye mgonjwa dawa. Majani yakageuka manjano. Yakaanguka moja moja. Alikuwa akikaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, mikono magotini, akiutazama ukifa, na machozi yakimtoka bila sauti. Mpaka hapo sikuwa najua kwamba mtu mzima naye hulia.

Siku ile ile aliyoamua kuung'oa, mimi nilishikwa na homa skuli. Aliyenileta nyumbani ni Mama Kadzo, Mgiriama mmoja mnene, mpole, aliyekuwa akifagia skuli yetu. Alinikabidhi kwa Mama, akapewa maji ya kunywa, na jicho lake likaangukia uani, ambako Shangazi alikuwa ameshika kijiti kikavu mkononi.

“Huu ulikuwa asumini?” akauliza.

“Ulikuwa,” Shangazi akajibu. “Nimeutilia maji asubuhi na jioni. Sina mkono wa kuotesha kitu mimi, mama. Nigusacho hakizai.”

Mama alinibana kifuani. Neno hilo lilikuwa halijatamkwa mbele ya watu nyumbani kwetu. Lakini Mama Kadzo hakushtuka. Alichutama, akachota kifusi kwa kiganja, akakipekechapekecha.

“Usijilaumu, mwanangu. Hapa hakuna mtu angeotesha kitu. Hii ni chokaa, haina uhai ndani. Mti utakula nini?”

“Wanambia nitie jivu.”

“Jivu juu ya chokaa? Utauchoma. Tafuta vitu vilivyokuwa hai, uvirudishe chini vioze. Majani n'takuletea mimi. Kila siku nayafagia pale skuli, halafu nayatia moto bure.”

Kesho yake alikuja na gunia la majani ya mkungu na mwarubaini kichwani, na ndiyo siku urafiki wao ulipoanza, huyu wa buibui na chuo cha Kurani, yule wa leso na kanisani.

Jamani, kazi ile! Kwanza Shangazi alichokoa mawe makubwa pembeni akayapanga. Kisha akatandaza majani, juu yake mavi ya mbuzi, juu yake machicha ya nazi, maganda ya ndizi na ya mbaazi, halafu majani tena. Makumbi ya nazi aliyachambua nyuzi nyuzi ili yashike maji. Mwani tuliuokota ufuoni maji yakipwa, na alikuwa akiuosha kwa maji ya mvua ya pipa mpaka chumvi iishe, maana maji ya kisima chetu yenyewe yalikuwa na chumvi. Matumbo ya samaki alipewa sokoni. Hayo aliyafukia chini kabisa paka wasiyafikie. Sisi watoto tuliajiriwa wote. Mnawakumbuka wale mbuzi wa Mji wa Kale, waliokula magazeti na maboksi, wakilala barazani mwa watu kama wenye nyumba? Tulikuwa tukiwafuata nyuma na vikapu, na aliyejaza kwanza alipewa mabuyu. Watoto wa leo wakiona mavi ya mbuzi huita mama zao.

Harufu ilikuwepo, siwadanganyi. Majirani walifunga madirisha. Bibi alilalamika kutoka kitandani mwake, “Zuhura! Wataka kuturejesha zama za gharika? Nani ataingia nyumba hii?”

“Subiri mama, itapoa,” Shangazi akisema, huku akilipindua lundo kwa jembe, kanga imefungwa kiunoni.

Na kweli ikapoa. Asubuhi moja tukaliona lundo linatoa mvuke. Shangazi akatwambia tutie mikono ndani; lilikuwa moto kama mkate wa mofa uliotoka sasa hivi.

“Kuna moto humo, shangazi?” kakangu Abdu akauliza.

“Si moto. Wamo kazini.”

“Kina nani?”

“Viumbe vya Mola, vidogo hata jito halivioni. Wala majani, wapumua, wazaana. Mtanga huu sasa u hai.” Yeye, kama wenyeji wengi wa Mombasa, mchanga na udongo vyote aliviita mtanga.

Baada ya masika kupita, tulikuwa chuoni kwa mwalimu wakati mtaa mzima uliposikia kigelegele kikitoka kwetu. Nilipofika nyumbani nilikuta mlango umejaa wanawake wamejitupia mabuibui haraka haraka. Kila mmoja alidhani Zuhura ameletewa posa! Bibi mwenyewe alikuwa ameshaamka na kuagiza kahawa. Kumbe Shangazi alikuwa amesimama uani, uso umeng'aa, na juu ya kiganja chake anajipindapinda nyungunyungu mmoja mwekundu, wa kwanza kuonekana katika ua ule.

“Hicho ndicho ulichopigia kigelegele?” Bibi akauliza.

“Amekuja mwenyewe, mama. Hakuna aliyemwita. Ameona pana maisha akaja.”

Wanawake walicheka mpaka wakashikana ukutani, na Shangazi akacheka nao. Kilikuwa ndicho kile kicheko chake cha sikukuu. Kahawa iliyokuwa tayari ikanywewa.

Miaka iliyofuata sijui niisimulieje kwa mtu asiyekuwepo. Kile kifusi kikawa cheusi, laini, ukikikamata kinashikana, ukikiachia kinamwagika. Ukaota mwasumini mpya mpaka ukapanda ukuta. Ikaota mirehani, mawaridi, mchicha, pilipili na mlimau. Jioni harufu ya asumini ilikuwa ikiingia mpaka chumbani, na mtaa uliofunga madirisha ukayafungua. Maharusi wa Kibokoni na Kuze wakawa wanavikwa maua ya Zuhura. Nakumbuka bibi mmoja, ambaye kila mtu alijua kwamba ndiye aliyetangaza barazani maneno ya “yule tasa”, alikuja kuomba maua ya binti yake. Shangazi alimchumia tele, kisha akakaa akamsukia na vikuba vya kujipamba kwa mkono wake. Alipoondoka, Mama akamuuliza, “Wifi, umewezaje?” Shangazi akamjibu, “Hapo zamani nisingeweza.” Akaendelea kufagia.

Halafu Ami Salim akarudi kutoka Arabuni. Huyu ndiye kaka mkubwa wa Baba, na nyumba ilikuwa chini ya kauli yake. Alikuja na zawadi za kila mtu na nia njema, ndilo jambo lililofanya mambo yawe magumu. Alitaka kujenga vyumba vya kupangisha nyuma, na ua wote utiwe saruji. Tulikaa sebuleni baada ya chakula cha mchana, akatueleza. Baba aliangalia mkeka. Bibi alikuwa ameshika mkono wa Shangazi.

“Zuhura, maua utapanda ndooni,” Ami akasema. “Sikukatazi.”

Nilidhani Shangazi atalia. Hakulia. “Nyumba ni yenu, kaka, na mimi sina neno,” akasema. “Jenga, Mngu akupe baraka. Lakini mtanga ule n'meufanya mimi. N'taka niutukue.”

“Uutukue, uupeleke wapi?”

“Mama Kadzo ana shamba Jomvu. Amenambia kuna pembe yangu.”

Ami alicheka, akidhani ni mzaha. Siku mafundi walipokuwa waje, akaamka akamkuta dadake uani anajaza magunia. Na aliyeshika koleo pembeni yake alikuwa Baba. Baba yangu alikuwa karani bandarini, mtu wa shati jeupe na viatu vinavyong'aa, ambaye katika miaka yote ile hakuwahi kukanyaga bustani. Siku hiyo amekunja suruali, miguu mitupu, udongo mpaka kwenye magoti. Hakumtazama kakake. Ami Salim alisimama mlangoni muda, kisha akavua saa yake, akampa Mama aishike, akaja kukamata gunia upande wa pili.

Tuliuondoa kwa mikokoteni. Kuanzia Kibokoni mpaka Mwembe Tayari, watoto nyuma tunasukuma, Shangazi mbele amekumbatia mche wa asumini. Pale Mwembe Tayari, kati ya mabasi ya bara na wachuuzi, kila mtu aliuliza, “Mwatukua nini?”

“Mtanga!”

“Mtanga? Huko muendako hakuna?”

Wakatucheka mpaka Makupa, nasi tukacheka nao. Makupa tulipata lori lililokwisha kushusha nazi, dereva akiwa mtu anayejuana na Baba, likatubeba. Tukipita Kibarani kila mtu aliziba pua kwa harufu ya jaa, isipokuwa Shangazi, aliyeinuka juu ya magunia akatazama milima ile ya taka ya mji mzima ikitoa moshi. “Chakula chote kile cha mtanga,” akasema, “na wanakichoma.”

Hakurudi kukaa kisiwani tena. Alijengewa chumba pale Jomvu, karibu na Mama Kadzo, wakazeeka pamoja, mmoja akimwamsha mwenzake kwenda kanisani, mwengine akimkumbusha mwenzake sala. Pembe ile ikawa shamba zima. Likizo tulikuwa tukienda kuchimba, na kila tuendapo weusi wa udongo ulikuwa umesonga mbele kidogo kuliko tulivyouacha. Watoto wa Jomvu walimwita Nyanya Zuhura. Nilipoolewa mimi, kikapu cha asumini kilivuka Makupa alfajiri, kimefunikwa kitambaa kibichi, nikavaa maua aliyoyachuma kwa umande. Alitangulia mbele ya haki akiwa kitandani mwake, na Mama Kadzo ndiye aliyeketi kichwani pake. Mwaka haukupita, naye akamfuata.

Leo ua wetu wa Kibokoni ni vyumba vya wapangaji, na chini ni saruji. Pale Kibarani, jaa limeondolewa, pamepandwa nyasi na miti, vijana wanapigana picha wamevaa miwani, na nafurahi, kweli nafurahi. Magoti ya wajukuu wangu hayana kovu hata moja. Wanajua majina ya wachezaji wa Ulaya, hawalijui jina la mdudu mmoja wa ardhini. Siwalaumu, sisi ndio tuliojaza saruji, kisha tukawaambia watoke nje wacheze. Lakini nyumba zetu zile hazikuwa na takataka, wenzangu. Kila kilicholiwa kilikuwa na pa kurudi, na kila mtu, hata aliyeachwa, alipata pembe ya kuanzia upya. Sasa nakaa ghorofani. Nikimaliza kumenya ndizi na kukuna nazi, maganda na machicha yamo mkononi, husimama pale jikoni kidogo nikitazama huku na huku. Kisha nayatia pipani. Sina pa kuyapeleka.