Kiazi Kikuu Nilichokitoa na Kichwa Chake

Gituma alinikuta nikifunga mbuzi, akaegemea ua, akaniambia, "Mzee M'Mburugu, Jumapili ya mavuno wewe ndiye utatangulia mbele na kile kiazi chako kikuu, halafu utuambie maneno mawili," nami nikasema sawa. Nilisema sawa hata kabla hajamaliza. Ingekuwa rahisi sana kukataa, maana mbuzi alikuwa ananivuta na ningeweza kujifanya sijasikia, lakini nilikubali, na aibu iliyofuata bado inanipandisha joto masikioni nikiikumbuka. Naieleza mwenyewe kwa sababu wenzangu wa kanisani wameshaieleza kila mmoja kwa njia yake (kuna mmoja anayesema nilianguka ndani ya ngoma, huo ni uongo, nilianguka kando ya ngoma), na mzee akiacha hadithi yake mikononi mwa kwaya basi amejimaliza.

Kwanza mnielewe kuhusu hicho kiazi. Huku kwetu Tigania, ukipita Muthara kidogo, kiazi kikuu si kitu cha kupanda leo na kula baada ya miezi michache. Mmea wake unapanda juu ya mti ulio hai, na unaweza kukaa hapo miaka kuliko ndoa za watu wengine. Ukitaka kula, unachimba pembeni polepole, unakata mwili wa kiazi, na kichwa chenye macho ya kuchipua unakiacha shimoni, unakifunika, nacho kinazaa tena. Kile changu kilipandwa na marehemu baba yangu chini ya mti wa muringa, kabla sijaenda sekondari. Kilitulisha mwaka ambao mahindi yote yalikauka. Baba alikuwa akisema mwili ni wa mwenye njaa, lakini kichwa ni cha ardhi.

Na kulikuwa na jambo lingine. Binti yetu Kagendo ni mwalimu huko Embu, anakaa mtaa wa Majimbo, na mwaka huo alikuwa amepata kashamba kake nje kidogo ya mji. Nilipomuuliza nimpe nini cha kuanzia, nikidhani atataka mbuzi, alisema, "Baba, nikatie kipande cha kichwa cha kiazi cha babu nikapande kwangu." Zamani hilo lilikuwa zao la wanaume na hakuna msichana angeliomba, lakini nilifurahi mpaka nikatoka nje kuficha macho. Nikamwahidi kwamba mvua ikikaribia nitamkatia kipande chenye macho mawili au matatu, na kilichobaki kitaendelea kukaa chini ya muringa wake.

Sasa rudini kwa Gituma. Yeye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mavuno, na mchungaji wetu, Mchungaji Kawira, alikuwa ameshatangaza Jumapili mbili mfululizo, "Mwaka huu hakuna kutaja majina na hakuna hotuba. Leta, weka, rudi ukae. Anayeshukuriwa hapa ni mmoja." Alisema hivyo kwa sababu mwaka uliotangulia watu walimpigia makofi ng'ombe dume wa mtu fulani mpaka ng'ombe akaogopa akatoka na kamba yake katikati ya maombi. Mimi nililisikia hilo tangazo vizuri, nilikuwa benchi la pili. Lakini Gituma alikuwa anatarajia wageni kutoka kanisa la mjini, akaniambia, "Mchungaji bado hajajua watu wetu. Mtu akileta kitu kizuri akae kimya, kwani amekiiba?" Nikaona ana hoja. Mtu akikusifu unaona hoja zake haraka sana.

Jumamosi nikachukua jembe na upanga. Mke wangu alikuja na ndoo ya maji ya mbuzi, akasimama juu ya shimo.

"Baba Kagendo, mbona unachimba mpaka huku juu? Unatafuta nini kwa kichwa?"

"Nataka kitoke kizima. Bila kichwa kinaonekana kama mguu uliokatwa."

"Na ni nani atakiangalia, Mungu ama Gituma?"

Nilimwambia aende awape mbuzi maji. Nilimwambia pia kwamba kichwa kitalala nje usiku mmoja tu, Jumapili alasiri nitakirudisha shimoni na hakuna atakayejua, hata kiazi chenyewe hakitajua (hayo niliyasema kwa ujasiri wa mtu aliyesoma kilimo kidato cha nne).

Kikaanza kuonekana. Kilikuwa kirefu kama mtoto wa darasa la pili na kizito kuliko yeye, nami kwa haraka ya kukiona chote nilikivuta badala ya kuendelea kuchimba, kikalia tak! shingoni, mwili ukabaki shimoni na kichwa kikabaki mikononi mwangu. Hapo hapo ningefanya jambo la akili, ningekifukia kichwa na kubeba mwili kwenye kikapu kama Wakristo wengine. Badala yake nilichonga vijiti vitatu vya mti mgumu, nikavipigilia kwa nyundo ndani ya kichwa, upande wa pili nikavipigilia kwenye mwili, nikaunganisha, nikapaka udongo mwekundu mbichi kwenye ufa na kuzungushia kamba ya mgomba juu yake kama mapambo. Jioni udongo ulikuwa umekauka na usingejua. Nilijua vizuri kwamba Mungu ameona vile vijiti, lakini ukweli ni kwamba sikuwa nampelekea yeye.

Jumapili Kagendo alifika kutoka Embu mapema, simu tayari mkononi, akaniambia, "Baba leo ni staa!" na hakukisogelea kiazi kwa sababu nilikuwa nimekivalisha leso. Tukapanga mstari mlangoni mwa kanisa. Mimi mbele, leso nimeiondoa, kiazi begani. Nyuma yangu Mama Nkatha, mjane mzee mwenye miguu mibaya, amebeba trei ya mayai, na nyuma yake kina mama na vikapu vya maharagwe, mikungu ya ndizi, kuku, mstari mpaka langoni.

Kwaya ikaanza wimbo wa shukrani, nami nikaingia. Kutoka mlangoni mpaka mbele si mbali, mtu mwenye adabu anafika kabla ya ubeti wa kwanza kuisha, lakini mimi nilikuwa nacheza, hatua mbili mbele moja nyuma, nageuka kushoto watu wa kushoto waone, nageuka kulia, na kwaya ikalazimika kurudia kiitikio mara nyingi mpaka mwimbishaji sauti ikaanza kukwaruza. Nje jua lilikuwa linawachoma walioshika kuku. Nikasikia nyuma yangu, kwa sauti ya chini, "M'Mburugu, songa basi, mikono yangu inauma." Nikasonga hatua mbili. Kisha nikarudi moja.

Nilipofika mbele sikukiweka chini. Niliwageukia watu, nikainua mkono, kwaya ikanyamaza.

"Mzee wangu, weka tu hapo, asante," Mchungaji Kawira akasema.

"Maneno mawili tu, Mchungaji."

Nikasema maneno zaidi ya mawili. Nikasema vile nilivyokipanda (nilikipanda mimi? baba yangu yuko kaburini anasikiliza), vile nilivyokiwekea mbolea ya mbuzi wangu, vile ambavyo ukitoka hapa mpaka Muthara na ukipita Muthara hutapata kingine. Gituma alikuwa anatingisha kichwa akiwaangalia wageni. Baadaye Kagendo alinionyesha yote kwenye simu. Nilisema "mimi" mara kumi na nne, na Mungu nilimtaja mara moja tu, niliposema "Mungu ni shahidi wangu, hiki ni kiazi kimoja kizima."

Nikakiinua juu ya kichwa ili wageni waliokaa pembeni waone vizuri.

Kijiti cha kwanza kikavunjika. Nilikisikia. Kisha vile viwili vikachomoka pamoja, mwili wa kiazi ukashuka ukatua juu ya kidole changu kikubwa cha mguu, nikaruka nyuma kwa nguvu ambazo sikujua bado ninazo, nikamwangukia Mama Nkatha, au tuseme niliyaangukia mayai ya Mama Nkatha, maana yeye alikwepa upesi kwa mtu wa miguu mibaya. Nikashika kitambaa cha meza ya maua ili nisianguke, maua yakaja, maji ya maua yakaja, nami nikakaa chini kando ya ngoma huku kichwa cha kiazi bado nimekiinua juu, na vijiti viwili vimetokeza kama meno ya ngiri.

Halafu sauti moja ya alto ikasema, "Kumbe kimeshonwa!"

"Ati kimeshonwa?"

"Si uone sindano!"

Nimewahi kusikia watu wakicheka kwenye harusi na kwenye mashindano ya ng'ombe, lakini sijawahi kusikia kicheko kama kile. Mpiga ngoma alilazwa na kicheko juu ya ngoma yake. Mmoja wa wageni alijifunika uso kwa kitabu cha nyimbo, na kitabu kilikuwa kinatetemeka. Nilimtafuta Gituma kwa macho, nikamkuta anakagua mabati ya paa kana kwamba ndiye fundi aliyeyapigilia.

Mchungaji Kawira hakucheka, au alicheka kwa ndani. Aliinama, akauokota mwili wa kiazi uliokuwa umebiringika mpaka karibu na viatu vyake, akauweka mahali pa sadaka, taratibu, kama angeweka ndizi za mtu yeyote. Akaja kwangu.

"Mzee wangu, umeumia?"

"Kidole tu."

"Hata kikiwa vipande viwili tunakipokea. Kaa hapa." Akanisogezea kiti cha mpiga ngoma, kisha akaigeukia kwaya, "Tuendelee kuimba. Bado hatujamaliza kushukuru."

Wakaimba. Na mstari ukapita mbele yangu, yaani ule mstari niliokuwa nimeufunga kama mawe kwenye mfereji ukafunguka, maharagwe yakapita, ndizi zikapita, kuku wakapita wakilalamika. Mama Nkatha alikuwa amebakiwa na mayai manne. Aliyaweka mbele, akapangusa mikono kwenye leso yake, akafumba macho akaimba, na uso wake haukuwa na habari na mimi hata kidogo. Hakuna aliyekuwa ananiangalia tena. Nilikaa pale nimelowa yai na maji ya maua, kichwa cha kiazi mapajani, na nikajikuta ninaimba. Kwa sauti ya chini, maana hakuna aliyesikiliza. Ndiyo mara ya kwanza siku hiyo nilipomkumbuka aliyeileta mvua, na niwaambie ukweli, pamoja na kidole kile kilivyokuwa kinapiga, niliimba vizuri.

Baada ya ibada nilimwomba Mama Nkatha msamaha. Akaniambia, "Mayai si kitu, kuku watataga. Lakini M'Mburugu, unacheza vibaya sana." Kila mavuno tangu siku hiyo namnunulia trei moja na kuibeba mwenyewe nyuma yake, na sasa tumekuwa marafiki.

Kagendo alinipokea langoni akiwa bado anacheka, machozi yanamtoka, anasema, "Haki baba, haki ya nani." Akakichukua kile kichwa mikononi mwangu, akachomoa kijiti kimoja, akakigeuza, na kicheko kikakoma.

"Baba, hivi vijiti vimepita kwenye macho."

"Kimoja tu."

"Vyote vitatu."

Tulikipanda alasiri hiyo hiyo chini ya muringa, mimi, Kagendo na mama yake, tukakitia majivu kwenye vidonda na samadi pembeni. Nilitaka kumkatia kipande chake kama nilivyoahidi, akakataa, akasema kipone kwanza. Mvua ikanyesha. Maharagwe yakatoka, viazi vikuu vya majirani vikaanza kupanda miti yao, na pale kwangu hakuna kitu. Kagendo alikuwa anapiga simu kutoka Majimbo kila Jumapili jioni, anauliza, "Kimetoka?" Mara mbili nilimwambia kimeanza kuonekana (uzee haumalizi uongo). Mara ya tatu niliingiza mkono ardhini kabla hajapiga, nikatoa kitu cheusi, laini, chenye harufu mbaya, na alipopiga nikamweleza kilivyo.

"Basi, baba," akasema. "Nitapanda ndizi."

Sijakosana na mtu. Kanisani nakaa benchi la katikati, naimba na wengine, na sadaka yangu ya mavuno naileta kwenye kikapu kilichofunikwa, nakiweka na kurudi kukaa kabla watu hawajajua ni cha nani, na nimeapa mbele ya mke wangu kwamba sitasimama tena mbele ya kwaya nikiwa na kitu mkononi. Wananitania bado, nami nacheka nao. Gituma mwenyewe alinipa kichwa cha kiazi chake nikakipanda, na kinakua vizuri. Lakini hicho ni cha kina Gituma. Kile alichokipanda baba hakipo tena mahali popote duniani, si kwangu wala kwa Kagendo, kwa sababu nilitaka kanisa zima lione vile nilivyo mkulima.