Chatu Kizingitini

Nilipokuwa darasa la tatu, chatu alitufungia ndani ya nyumba siku nzima, na bibi akamshukuru.

Ilikuwa likizo ya mwezi wa sita, kiangazi, karibu na Kigongo. Baba, dereva wa lori, alikuwa amepeleka mzigo nchi jirani, na vita vikazuka akiwa hukohuko. Tangu hapo mama alipika na redio, akalala na redio. Taarifa ya habari ikianza, sisi wengine tuliacha hata kutafuna.

Asubuhi hiyo bibi, aliyemzaa baba, alirudi kutoka kisimani, akatua ndoo. Haukupita muda chatu akaja, akajikunja kizingitini kuota jua. Mlango wa nyuma ulikuwa umezibwa na magunia ya pamba. Kwetu Wasukuma chatu akija nyumbani haguswi. Ni mzee wa ukoo amekuja kuwatazama watu wake. Hunyunyiziwa unga na maji, na nyumba hutulia mpaka aondoke mwenyewe. Bibi alinyunyiza, akazima redio, akatoa betri na kuzifunga kwenye pindo la kanga yake.

“Mama, taarifa ya saa saba tu,” mama alimsihi. “Nitaiweka chini.”

“Mgeni hapigiwi kelele, Mama Limi. Keti.”

Mama aliketi, akasimama, akaketi tena. Dirisha lilikuwa moja, dogo, na bati lilitutokosa. Nilimchukia yule chatu, nikamchukia na bibi, maana mkojo ulinibana nikaambiwa nitumie ndoo kama mgonjwa.

Bibi alitupa karanga tumenye. Akaanza kusimulia jinsi baba, alipokuwa mdogo, alivyowaogopa bata mpaka akawa hathubutu kwenda ziwani peke yake. Mama alicheka. Wiki nzima sikuwa nimekisikia kicheko chake. Mchana akajilaza mkekani, akalala fofofo, na bibi akawa anamfukuzia nzi kwa ncha ya kanga.

Jua lilipopoa, chatu aliondoka taratibu kuelekea kwenye mawe. Mama akanyoosha mkono apewe betri.

“Kula kwanza,” bibi alisema, na akamtazama mpaka akamaliza ugali na dagaa. Ndipo akaja utingo wa lori la baba, akasimama uani bila kuvua kofia, na mama akajua.

Utingo alikuwa amevuka na kivuko alfajiri, peke yake. Alimkuta bibi kisimani, akamwambia. Bibi alimwomba arudi jioni.

Kwa miaka mingi niliona bibi alituibia ile siku. Leo naishi Buswelu, nina watoto, na simu inaniletea vita vya dunia nzima kabla sijanawa uso. Kiangazi hiki nimeanza kuzifungia simu zote kabatini wakati wa chakula cha mchana. Watoto wananung'unika kwamba nimewaweka mahabusu. Nawaacha wanung'unike, baada ya dakika kumi wanaanza kuchokozana na kucheka, nami nawasikiliza.

Lakini mimi nafungia habari za watu wengine. Yeye alikaa na ile habari kifuani tangu asubuhi, akimenya karanga na kutuchekesha kwa habari za bata. Nilizoea kusema siku ile mama alifiwa na mume, nami nikafiwa na baba. Nilikuwa mtu mzima, nina mwana wangu mwenyewe mgongoni, siku nilipokumbuka kwamba bibi alifiwa na mtoto.