Joto Kali la Hanoi

Mimi nina wivu. Nalisema mapema ili mtu asije akanishangaa huko mbele. Na niliyemwonea wivu kuliko watu wote si tajiri wala si mrembo wa kutisha. Ni wifi yangu, mke wa kaka yangu, anayelima tangawizi Chome, juu milimani Upare, na kuishi na mama yangu mzazi.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, Same mjini. Chama cha wakulima wa tangawizi kilipopata nafasi ya kupeleka watu kumi Vietnam, kuona wenzetu wanavyokausha na kufungasha, waliniomba niende nikawe mkalimani. Nilifurahi kupita kiasi, kwa sababu niliona hatimaye mama atakaa kitako anisikilize mimi. Kila nikipanda Chome ananiuliza habari za Same, namjibu, kisha anamgeukia wifi: dawa yangu iko wapi, ng'ombe amekula, lete ile kanga. Mimi niliyetoka tumboni mwake nabaki nimeshika kikombe cha chai kama mgeni wa mchungaji. Safari hii ingekuwa yangu. Halafu orodha ya wakulima ikatoka, na wifi yumo.

Siku ya mwisho tulitembezwa mjini Hanoi. Sisi wa Same tunajidai tunalijua joto, lakini la kwetu ni kavu. Ukipata kivuli linakuacha. La Hanoi linaingia nawe kivulini. Wenzetu wa milimani, waliozoea sweta mpaka saa nne asubuhi, walikuwa hoi. Tulizungushwa ziwani, tukaonyeshwa hekalu linalonukia udi, tukavushwa barabara yenye pikipiki nyingi hivi kwamba mzee mmoja wetu alifumba macho na kuanza kusali. Dada aliyetuongoza, mwenye kibendera cha njano, alisema kwa Kiingereza, nami nikasema kwa Kiswahili, na vichwa vyote vikanigeukia. Nakiri nilinenepa.

Kisha tukaingia uchochoro wa soko, tukamkuta bibi mmoja amebeba mti begani, kikapu cha tangawizi mbele na kingine nyuma. Kamba ya nyuma ikakatika mbele yetu. Kwenye basi nilikuwa nimewaambia wazi kwamba huku hakuna shikamoo. Lakini wifi alikwishamfikia bibi. "Shikamoo bibi," akasema, akakusanya tangawizi yote, akaviringa kanga yake ikawa ngata, akajitwika kile kikapu kichwani. Akaongozana na bibi mpaka mahali pake pa kuuzia, katikati ya pikipiki, bila kukishika kwa mkono. Watu walisimama kumtazama.

"Rekodi, mwalimu!" wenzetu wakanipigia kelele, maana simu yangu ndiyo iliyokuwa na kamera nzuri. Nikarekodi.

Walipofika, bibi alimkalisha wifi kwenye kigoda, akamshika mikono, akasema maneno mengi. Dada wa kibendera akanigeukia, akanitafsiria kwa Kiingereza kinachoeleweka kabisa: "Anasema, mama wa huyu ana bahati. Yeye bibi ana watoto wanne mjini humuhumu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumshikia kikapu."

Wifi alifiwa na mama yake akiwa darasa la pili. Mama anayemjua ni mmoja tu, na ni wangu.

"Anasemaje, wifi?" akaniuliza, jasho linamtiririka.

Neno lilikuwa mdomoni. Nikafikiria jinsi litakavyopanda Chome, jinsi mama atakavyolipokea, na mimi nimekaa pale na kikombe changu. Nikaona uchungu kweli.

"Anasema joto kali," nikasema.

Wote wakacheka. "Mwambie hata mimi naliona!" wifi akajibu. Dada wa kibendera akanitazama. Kiswahili hakijui, lakini aliona kwamba maneno yake yalikuwa mengi na yangu yalikuwa mawili.

Kabla hatujapanda basi walinitaka niirushe ile video kwenye kundi letu la WhatsApp, nami nikairusha. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Ya kwangu ilitoka Hanoi mpaka Chome. Nilipopanda kumwona mama, wiki moja baada ya kurudi, mlima wote ulikuwa ndani ya ukungu. Dereva wa bodaboda, amevaa koti zito na kofia ya sufu, alinipokea kwa kunipungia mkono: "Mwalimu, joto kali!" Watoto njiani, joto kali. Wamama waliotoka kwaya, meno yanagongana kwa baridi, joto kali. Ilikuwa ndiyo salamu ya kijiji.

Mama alikuwa kitandani, ameshika simu ya wifi. Nilimwamkia, akaitikia. Safari alikwishasimuliwa yote. Alichezesha video, na mwishoni nikaisikia sauti yangu mwenyewe, kavu, karibu na simu.

"Huyu bibi amesema muda wote huo," mama akaniambia kwa Kipare, "na ni joto tu?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nikamwangalia, nikashindwa, nikamwambia yote, pamoja na wale watoto wanne wa mjini. Nilingoja anigombeze. Hakunigombeza. Alizima simu akanitia mkononi.

"Mbona unaniambia mimi? Si maneno yangu. Mpelekee mwenyewe."

Wifi alikuwa jikoni anapuliza moto chini ya chungu cha makande. Aliponiona mlangoni akacheka. "Wifi, joto kali!"

"Hakusema hivyo," nikamwambia. Nikamweleza alichosema bibi. Uso ulikuwa unaniwaka, na si kwa sababu ya moto.

Aliacha kupuliza. Nilidhani ataniuliza kwa nini, na jibu nilikuwa nalo, baya kama lilivyo. Lakini hakuuliza. Alikaa chini kwenye kigoda, akaweka mikono magotini kama alivyokaa kule sokoni.

"Sema tena," akasema.

Nikasema tena.

"Pole pole, wifi. Lile la mama."

Nikalisema pole pole, neno kwa neno, kazi niliyopelekwa Hanoi kuifanya.