Medali ya Mechi Asiyoikumbuka

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nane, nami nilikuwa kazini Jeffersontown, pembeni mwa Louisville, kwenye karakana tunakochonga maandishi kwenye medali, vikombe na vibao vya majina. Mdogo wangu wa kiume alikuwa Buffalo anacheza raga. Simu zetu tunaziacha kwenye makabati ya mlangoni, kwa hiyo nilipotoka kwa mapumziko ya saa tisa ndipo nilipoona nimepigiwa mara saba na namba nisiyoijua. Nilipopiga, alipokea kocha wao. Alisema mdogo wangu ameumia kichwa, yuko hospitali, fahamu hazijamrudia vizuri, ila anapumua mwenyewe. Nilimshukuru. Nikairudisha simu kabatini, nikarudi kwenye mashine, nikamaliza zamu.

Zilikuwa zimebaki saa mbili na nusu. Msimamizi wangu angeniruhusu kuondoka, tena angenisukuma nitoke. Sikumwambia tu. Nilichonga vibao vya wastaafu wa kampuni ya bima, kimoja baada ya kingine, na sikukosea hata herufi. Kisha nikaenda nyumbani, nikaoga, nikapakia nguo, nikashika njia. Nilifika Buffalo kesho yake asubuhi.

Mdogo wangu alikuja Columbus kusomea shahada ya uzamivu, mambo ya udongo. Alipanga chumba University District, kwenye nyumba ya wanafunzi watano na jiko moja. Kwetu Morogoro alikuwa mkimbiaji wa shule, mita mia nne. Raga hakuwahi kuigusa. Mwanafunzi mwenzake kutoka Australia ndiye aliyemwona akikimbia asubuhi, akampeleka mazoezini. Aliporudi alinipigia kunieleza kwamba hii si ile raga ya wachezaji saba tunayoona Wakenya wakicheza kwenye televisheni. Hii ni ya watu kumi na watatu, na mkishakabwa mara sita mnawaachia wapinzani mpira.

"Ina sura ya ugomvi," nilimwambia.

"Ni ugomvi wenye mwamuzi, dada," akacheka.

Vilabu vya Louisville, Columbus na Buffalo huchagua watu wao bora na kuunda timu teule moja ya kuwakilisha kanda. Anayeivaa jezi hiyo kwa mara ya kwanza hupewa kofia yenye namba yake, kwa kufuata mpangilio wa walioingia tangu timu ianze. Namba hiyo haifutwi, wala hapewi mtu mwingine hata mwenyewe akiacha. Mdogo wangu alikuwa wa thelathini na nane. Siku alipoichukua alinipigia nikiwa nakunja nguo, nikampongeza, nikaendelea kukunja.

Hospitali alikaa siku kumi na moja. Alinitambua. Alijua baba alishafariki, alijua anaandika tasnifu kuhusu nini. Ila kuanzia Ijumaa mchana hadi Jumatatu hakuwa na kumbukumbu yoyote. Alikumbuka akipanda basi la timu Columbus na mkate mkononi, kisha akakumbuka dari la hospitali. Mama aliponipigia kuuliza mbona mwanawe hapokei simu, nilimwambia ameteguka bega, anapewa dawa zinazomlaza. Neno hilo lilinitoka bila shida yoyote. Tangu hapo ikawa bega.

Mwezi wa kumi msimamizi alinipa karatasi ya kazi mpya. Ilikuwa oda ya timu yao. Nadhani mdogo wangu aliwahi kumwambia kocha ninakofanya kazi. Medali kumi na saba za kikosi kizima pamoja na wachezaji wa akiba, kisha tatu za heshima: mfungaji bora, mchezaji chipukizi, na mchezaji bora wa mechi ya Buffalo. Hiyo ya tatu ilikuwa na jina la mdogo wangu. Jina la ukoo, ambalo ni la baba yetu, walikuwa wameliandika bila h. Nikaongeza h bila kumuuliza mtu. Mashine ya leza ilichukua chini ya dakika moja. Nikaifuta medali kwa kitambaa, nikaitazama kama kuna mkwaruzo, nikaiweka kwenye kisanduku, nikachukua inayofuata. Nilingoja nihisi kitu. Nilichohisi ni njaa, maana ulikuwa umekaribia muda wa kula.

Sherehe ilikuwa mwezi wa kumi na moja, Jumamosi adhuhuri, kwenye ukumbi wa kanisa huko Buffalo, karibu na Bailey Avenue. Nilimpitia mdogo wangu Columbus siku moja kabla. Alikuwa amekonda. Alivaa miwani ya jua kwa sababu mwanga ulikuwa bado unamuumiza, na kila tulipopita magari makubwa aliziba masikio. Tulipopita Cleveland nikamwambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu.

"Siku ile walinipigia nikiwa kazini. Nilimaliza zamu kwanza."

"Ungetoka mapema ungefanya nini? Mimi nilikuwa nimelala."

"Sijui. Ningekuwa nimetoka."

"Haya," akasema. Akaegemeza kichwa dirishani. Sikujua kama amenisamehe au amechoka, na sikuuliza.

Ukumbini kulikuwa na wali, maharage, kuku na ndizi za kukaanga, chakula kilichopikwa na akina mama wa kanisa hilo, ambao wengi wao walitoka milima ya Kivu Kusini. Mmoja wa wachezaji alikuwa mtoto wao, kijana mpana wa mabega, anayefanya kazi ya kuhudumia wazee. Alitukalisha meza moja naye.

Kocha alisoma sifa za kila mmoja. Alipofika kwa mdogo wangu alisema kwamba dakika ya sabini na nane kati ya themanini, timu ikiongoza kwa pointi mbili tu, alimkaba mpinzani aliyebakiza hatua mbili kufika mstari wao, na hapo ndipo mechi ilipookolewa. Watu walisimama wakapiga makofi. Mdogo wangu alikwenda mbele, akainama, akavishwa medali, akarudi kukaa. Akanisogelea sikioni.

"Wanapiga makofi kama vile nilikuwepo."

Yule kijana wa Kivu alimsikia. Akaweka uma chini, akasema kwa Kiswahili cha kwao kilichochanganyika na Kifaransa.

"Ndugu yangu, haukumbuke kweli?"

"Hata kidogo."

"Bon. Miye nilikuwa karibu yako. Ule mutu alikuwa mukubwa sana, miye nilishindwa kumufikia. Weye ulitoka mbali, ukamukamata ku magulu, ku miguu yote mbili. Akaanguka. Donc, goti yake ikakupiga hapa." Aligusa upande wa kichwa chake. "Kisha ukasimama."

"Nilisimama?"

"Ulisimama. Ukaniuliza, tumeshinda? Nikakuambia ndiyo, ingawa wakati ulikuwa haujaisha. Ukaniuliza tena. Nikasema ndiyo. Uliniuliza mara ine, ndugu yangu, halafu ukakaa chini pole pole kama muzee."

Mdogo wangu alimwomba arudie. Akarudia tangu mwanzo, bila kuchoka, na safari hii mdogo wangu aliuliza upepo ulikuwa unatoka wapi, na nani alikuwa na mpira kabla ya hapo. Alikuwa anauliza kama mtu anayeulizia msiba wa jirani. Mimi nilikula wali wangu nikaumaliza.

Tulilala nyumbani kwa wazazi wa yule kijana. Jumapili asubuhi, kabla hatujaondoka, mdogo wangu alimtumia mama picha ya medali. Kwake Morogoro ilikuwa alasiri, ametoka kanisani. Alipiga hapo hapo, nasi tulikuwa tumeshaingia garini, mdogo wangu akaiweka simu kwenye spika.

"Mwanangu, hongera! Umepewa kwa kufanya nini?"

Mdogo wangu alinitazama. Ningeweza kujibu mimi, maana sifa zote nilikuwa nimezisikia. Nikamwachia.

"Sikumbuki, mama."

"Hukumbuki vipi?"

"Niligongwa kichwa. Mwezi wa nane. Halikuwa bega."

Upande wa mama ilipita pikipiki, ikafifia.

"Dada yako yupo hapo?"

"Nipo, mama. Shikamoo."

Hakuitikia. "Ulijua?"

"Nilijua. Mimi ndiye niliyesema ni bega."

"Haya. Mpe chakula." Akakata.

Kwa wiki tatu mama alimpigia mdogo wangu kila siku, mimi hakunipigia hata mara moja. Kisha siku moja alinipigia kuuliza kama theluji imeanza. Nikamwambia imeanza. Hatujawahi kuzungumza zaidi ya hapo juu ya jambo hilo.

Madaktari walimkataza kucheza, naye hakubishana nao. Kocha alimtumia ujumbe kwamba thelathini na nane itabaki kuwa yake. Alijibu ahsante. Masomo yalichelewa mwaka mzima, kwa sababu herufi zilikuwa zinamchezea machoni akisoma kwa muda mrefu. Mwishowe aliitetea tasnifu yake akapita, na sasa ana kazi kwenye maabara ya udongo huko huko Columbus.

Majira ya kuchipua yaliyofuata baada ya sherehe nilikwenda kukaa naye siku nne. Daktari alikuwa amemwambia asome kwa sauti, kurasa chache, apumzike. Nilikaa kitandani kwake namsikiliza akisoma habari za udongo wa mfinyanzi, jinsi unavyoshika maji na jinsi unavyopasuka ukikauka. Sikuelewa nusu yake. Alisoma kurasa nne, akavua miwani, akanywa maji.

"Umechoka, dada?"

"Hapana. Soma."