Sahihi Yangu Kwenye Kitabu cha Mishahara

Nilifanya kazi miaka minne kwenye kiwanda cha mbao Mafinga, nikipanga mbao mbichi zikauke. Kila mwisho wa mwezi tulisaini kitabu kilichoonyesha kima cha chini cha serikali, halafu mhasibu anakupa bahasha yenye hela pungufu ya hiyo. Asiyetaka kusaini aliambiwa lango liko wazi. Tulisaini wote.

Siku afisa kazi alipokuja kukagua, bosi alikuwa ameshapata habari, hata sisi tulishasikia. Asubuhi ileile tuligawiwa glovu na mabuti mapya. Afisa, mtu mpole aliyeletwa na bodaboda, alifungua kitabu akaniita.

"Mama, sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Basi unalipwa inavyotakiwa."

Bosi alikuwa kando, anabonyeza simu yake. Nikasema, "Nimesaini, lakini hela hiyo sijawahi kuishika."

Afisa akauliza nani mwingine. Wenzangu wakaangalia chini. Nilikasirika, maana jana yake tu, wakati wa chai, ndio walionisukuma niseme. Mwishowe akasogea mama mmoja wa Kihehe, mjane, ambaye kila siku mimi na yeye tulibeba ubao mmoja, yeye mbele mimi nyuma. Akatoa chini ya khanga bahasha zake za mwaka mzima. Juu ya kila moja mhasibu alikuwa ameandika kwa mkono wake kiasi kilichomo.

Afisa akaandika amri: tulipwe mapunjo yetu ndani ya siku thelathini, la sivyo bosi apelekwe mahakamani. Jioni ile wenzangu waliimba njia nzima. Mimi nilifukuzwa wiki iliyofuata, yule mama siku mbili baada yangu.

Siku thelathini zikapita kimya. Nikaenda Iringa kwa afisa mara mbili. Mara ya tatu akakubali kurudi nami kiwandani. Langoni tulikuta bango jipya, jina jipya la kampuni. Mashine zilezile, na bosi yuleyule dirishani.

"Kampuni iliyoandikwa kwenye amri yako haipo tena," mhasibu akamwambia afisa. "Na huyu mama sisi hatujawahi kumwajiri."

Afisa akasoma amri yake, akasoma bango. "Itabidi tuanze upya," akaniambia, bila kunitazama.

Tukaanza upya. Katikati ya safari hizo yule mjane alikuja kwangu. Bosi alikuwa amemwita arudi kazini kwa bahasha ileile, mradi afute maelezo aliyompa afisa.

"Nina wajukuu wanasoma, mdogo wangu. Usinichukie."

Sikumchukia. Nikamsindikiza hadi barabarani.

Nilishahamia Mbalizi, nauza nguo za mitumba sokoni, afisa aliponipigia simu. Bosi amepatikana na kosa mahakamani, akasema, na faini ameshailipa serikalini.

"Na mapunjo yetu je?"

"Hilo ni shauri jingine, mama. Njoo ujaze fomu."